Kosa Linalosameheka Jukwaani

Mwalimu wa sauti aliyeisomea kazi yake angekuwa na mengi ya kumrekebisha Bi Kidude. Sauti ilikwaruza. Pumzi aliikata pale alipotaka mwenyewe, si pale mshairi alipoweka kituo. Noti za juu hakuzipanda ngazi kwa ngazi. Alizivamia, nyingine akazipata sawasawa, nyingine zikatoka nusu wimbo nusu ukelele. Hata hivyo, mwaka 2005 maonyesho ya WOMEX, yanayokutanisha wanamuziki na mawakala wa muziki wa asili kutoka kila pembe ya dunia, yalimpa tuzo yake huko Newcastle, Uingereza. Na nyumbani Zanzibar, kila alipopanda jukwaa la tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, hakuna aliyebaki nyuma akinunua soda.

Jina lake hasa lilikuwa Fatuma binti Baraka. Alipofariki Aprili 17, 2013, umri wake haukujulikana kwa hakika, ingawa mwenyewe alishikilia kwamba miaka 100 ameshaipita. Hakufundishwa kuimba darasani. Nyimbo alizidaka kwa kumsikiliza mwimbaji Siti binti Saad, na kando ya taarabu alifanya kwa muda mrefu kazi ya unyago: kuwafunda wari, kuimba uani kati ya wanawake wenzake, huku akiipiga ngoma kubwa ya msondo aliyoifunga kiunoni. Hapo ndipo panapoeleza mengi kuhusu sauti ile. Uani hakuna maikrofoni. Sauti nyororo, iliyosafishwa kwa ajili ya ukumbi wenye kapeti na viti vya kukunja, ingezama chini ya ngoma kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Mkwaruzo ule ambao mwalimu angeuita dosari ulikuwa chombo cha kazi.

Swali la nani anayeamua kwamba mwanamuziki amepiga vizuri lina majibu tofauti kwa kila mahali, na jibu la taarabu linafaa kutazamwa kwa makini. Katika ukumbi wa taarabu waamuzi hawakai nyuma ya meza na kalamu. Mama mmoja ananyanyuka kitini, anatembea kwa maringo kuelekea jukwaani, noti ya pesa ameishika juu ionekane, anacheza kidogo mbele ya mwimbaji, anamtunza, kisha anageuka taratibu ili yule aliyekusudiwa amwone vizuri. Amenyanyuka kwa sababu neno limemchoma, au limemchoma jirani yake, jambo ambalo ni tamu zaidi. Hakuna anayetoa pesa yake kwa sababu fidla tatu zimeanza pamoja bila kupishana.

Hii haina maana kwamba fidla zipishane ovyo. Vikundi vya zamani vya Unguja, Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kikiwa mfano mashuhuri, vimekuwa na nidhamu yao ya mazoezi, na mpigaji asiyejua kulegeza na kukaza nyuzi zake hakai kwenye safu. Lakini usahihi wanaoutafuta si ule wa jeshi kwenye gwaride. Fidla, ganuni, udi, nai na kodiani hufuata sauti moja, kila kimoja kikiirembesha kwa namna yake: huyu anaongeza mtetemo, yule anafika nyuma kidogo, mwingine anateleza kutoka noti hadi noti. Ukiwalazimisha wote wapige kitu kilekile kwa wakati uleule, muziki unabaki sahihi na mtupu.

Mjini Vienna, mwanzoni mwa karne ya 19, suala hilihili lilijitokeza kwenye chumba cha mafunzo cha Ludwig van Beethoven. Mwanafunzi wake, Ferdinand Ries, aliandika kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1838, na humo anaeleza jinsi bwana yule mkali alivyokuwa akifundisha. Ries akikosea noti, au akishindwa kuruka vizuri mahali pagumu, Beethoven kwa kawaida hakusema kitu. Lakini akipiga bila kuleta ile hali ambayo kipande kiliitaka, akisahau kupandisha sauti taratibu pale ilipotakiwa kupanda, mzee alikasirika. Sababu aliyoitoa ni ya mtu aliyelifikiria jambo: kosa la kwanza ni ajali, kosa la pili linaonyesha kukosa ujuzi, hisia au umakini. Kauli fupi yenye maana hiyo husambazwa sana siku hizi kwenye mabango na fulana kana kwamba Beethoven aliitamka vile vile. Simulizi ya Ries ni ndefu kidogo kuliko fulana, na ni bora zaidi, kwa kuwa haiachi hisia zielee angani. Inaziweka pamoja na ujuzi na umakini. Kwa Beethoven, kupiga bila hisia kulikuwa ni kutoelewa unachokipiga.

Makosa ya zamani yalikuwa na bahati moja: yalipita. Mwimbaji alikosea, hewa ikayachukua, ubeti uliofuata ukaja. Hata santuri zilipoingia hali haikubadilika sana. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimchukua Siti binti Saad na wenzake hadi Bombay kurekodi. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyewahi kuchuuza vyungu, na ambaye maisha yake baadaye yaliandikwa na Shaaban Robert katika kitabu kizima. Nyimbo ambazo barazani zingeendelea kwa muda wanaotaka wasikilizaji zililazimika kutosha kwenye upande mmoja wa santuri, dakika tatu hivi. Sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye nta. Hapakuwa na kukata wala kuunga. Likitokea kosa, ama unarudia wimbo wote tangu mwanzo, ama unaliacha liende sokoni. Santuri hizo ziliuzwa kwa wingi Afrika Mashariki, na hakuna kumbukumbu ya mnunuzi aliyezirudisha dukani kwa kuwa mpiga udi aliteleza kidole.

Miaka ileile, huko Ulaya, mpiga piano Alfred Cortot alikuwa akirekodi kazi za Chopin kwa vyombo vya namna hiyohiyo. Cortot alikuwa msomi wa muziki, mwanzilishi wa chuo cha École Normale de Musique mjini Paris mwaka 1919, mwandishi wa mazoezi ya vidole ambayo wanafunzi bado wanayatumia. Hakuna anayeweza kumwita mtu asiyejua kazi. Na bado santuri zake zimejaa noti zilizokosewa, nyingine wazi kiasi kwamba hata mgeni wa muziki ule anazisikia. Karibu karne moja baadaye zinaendelea kuchapishwa upya. Wapiga piano wengi wa leo, ambao hawangethubutu kutoa rekodi yenye makosa hata mawili, wanamsikiliza Cortot kujifunza jinsi sentensi ya muziki inavyovuta pumzi. Alipiga kama mtu anayesimulia jambo lililomtokea asubuhi ile. Ukisimulia hivyo unaweza kujikwaa neno, na anayekusikiliza wala hashughuliki.

Kilichobadilisha mambo ni tepu. Baada ya Vita Kuu ya Pili studio zilianza kurekodi kwenye utepe wa sumaku, na utepe unakatika kwa wembe na kuungwa kwa gundi. Ghafla fundi aliweza kuchukua nusu ya kwanza ya wimbo uliopigwa asubuhi na nusu ya pili iliyopigwa jioni. Mpiga piano Mkanada Glenn Gould alilipenda jambo hili kiasi cha kuachana kabisa na maonyesho ya hadhara mwaka 1964, akiwa na miaka 31 tu, ili abaki studio akiunganisha vipande hadi aridhike. Kuna kichekesho hapo. Gould alikuwa na tabia ya kuguna na kuimba chinichini wakati anapiga, mafundi wakashindwa kumnyamazisha, na sauti hiyo imo ndani ya rekodi zake zilizokatwa na kuungwa kwa uangalifu wote ule. Mashabiki wake wanaipenda.

Kisha ikaja kompyuta. Andy Hildebrand, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta, alitumia hesabu za aina hiyo kutengeneza programu ya Auto-Tune, iliyoingia sokoni mwaka 1997. Programu inapima sauti iliyoimbwa, inatafuta noti iliyo karibu, na kuisogeza pale. Mwaka uliofuata Cher alitoa wimbo wa "Believe" ambamo programu ilikazwa makusudi hadi sauti ikawa ya roboti, na tangu hapo chombo hicho kimetumika kwa njia mbili: kama pambo linalosikika, na kama kiraka kisichotakiwa kusikika. Njia ya kwanza ni sanaa kama sanaa nyingine. Vijana wa Bongo Fleva wameitumia kwa ubunifu na hakuna haja ya wazee kununa. Ni ile ya pili inayostahili maswali.

Swali la kwanza ni la kiufundi. Programu inasahihisha kwa kufuata kipimo gani? Ikiachwa bila kurekebishwa, inafuata ngazi ya sauti kumi na mbili za piano. Muziki wa Kiarabu, ambao taarabu imechota mengi kwake, una maqamu kama Rasti na Bayati zenye noti zinazokaa katikati ya vidole viwili vya piano. Mwimbaji akiipata noti hiyo mahali pake hasa, mashine itaona amekosea na kumvuta juu au chini. Lililokuwa sahihi linafanywa kosa, na kosa linafanywa sahihi. Fundi anayeijua kazi yake ataibadilisha mipangilio, lakini kwanza awe na sikio la kumwambia kuna kitu cha kubadilisha.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linahusu kile tunachokiita hisia. Watu hulizungumza neno hili kana kwamba ni mvuke unaomtoka mwimbaji bila yeye kujua. Ukisikiliza kwa makini unakuta ni mambo madogo yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mwimbaji anaingia nyuma kidogo ya pigo la dumbaki, msikilizaji anabaki akimngojea. Irabu ya mwisho inavutwa halafu inaachwa ianguke. Neno zito linaimbwa kwa sauti ndogo badala ya kubwa. Sauti inakatika mahali fulani, na si mahali pengine. Umm Kulthum wa Misri, ambaye matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalirushwa na redio kutoka Cairo na kusikilizwa ulimwengu mzima wa Kiarabu, aliweza kurudia mstari mmoja mara nyingi kwa kuwa ukumbi ulimwomba, na kila mara akaupa sura mpya. Ufundi wake ulikuwa wa hali ya juu. Alianza utotoni, baba yake akiwa imamu, akajifunza kusoma Kurani kwa matamshi yasiyo na dosari. Ufundi huo wote aliutumia ili asiurudie mstari vilevile mara mbili.

Kwa hiyo wanaoweka ufundi upande huu na hisia upande ule, wakataka tuchague, wanatupa mtihani wa uongo. Ubishi wa kweli ni kuhusu kipi kinamtumikia mwenzake.

Mashabiki wa rumba ya Kongo wamekuwa na ubishi huu kwa miongo mingi, na wanautaja kwa majina mawili: Franco na Docteur Nico. Nicolas Kasanda, huyo Nico, alikuwa mwalimu wa shule ya ufundi kabla gitaa halijamchukua kabisa, na upigaji wake ulikuwa na usafi wa mtu anayepima kabla ya kukata. Akiwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, kisha African Fiesta aliyoianzisha na Tabu Ley Rochereau mwaka 1963, noti zake zilitiririka moja moja, kila moja imeoshwa. François Luambo Makiadi, ambaye dunia ilimwita Franco, alitokea upande mwingine. Mama yake aliuza maandazi sokoni Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mtoto alijifunza kwa gitaa la kujitengenezea, akiwavutia wateja wa mama. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akakwangua, akarudiarudia kipande kilekile kifupi hadi ukumbi mzima ukawa hauna la kufanya ila kucheza. OK Jazz aliyoianzisha na wenzake mwaka 1956 ilidumu chini yake hadi alipofariki Oktoba 1989.

Ukiwapa wanafunzi wa gitaa sehemu za Nico, wengi watashindwa kuzipiga. Ukiwapa za Franco, wengi watazipiga zote, na haitasikika kama Franco. Mwandishi huyu akilazimishwa kuchagua santuri moja ya kupeleka kwenye harusi atachukua ya Franco bila kusita, na akilazimishwa kuchagua ya kusikiliza peke yake usiku atachukua ya Nico, ambaye utaratibu wake wote ule haukumzuia kuliza watu. Bendi za dansi za Tanzania na Kenya zilikula kwenye sahani zote mbili. Zikaingia studio za redio bendi nzima kwa mkupuo, waimbaji, matarumbeta, solo, rithimu na besi, wakapiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Kwenye rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970 unasikia tarumbeta lililopanda kidogo kuliko linavyotakiwa, na unasikia pia watu wanaosikilizana.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao si mzuri. Sifa za hisia zimewapa kimbilio wavivu wengi. Gitaa halijafungwa nyuzi vizuri, kwaya haikufanya mazoezi, mwimbaji amesahau ubeti, na utetezi ni mmoja: tumeimba kwa moyo. Beethoven asingekubali, wala yule mama wa taarabu mwenye noti mkononi. Hatari nyingine ni kwamba shauku inaweza kuigizwa. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay, ambaye mwenyewe ni mpiga piano, alichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kumtambua mshindi kati ya waliofika fainali za mashindano ya muziki. Waliotazama video fupi zisizo na sauti kabisa walipatia zaidi kuliko waliosikiliza sauti bila picha, wanamuziki wa kulipwa wakiwemo. Yaani hata majaji waliosomea kazi huenda wanazawadia mabega yanayoyumba na uso uliokunjamana, huku wakiamini wanazawadia muziki. Waandaaji wa mashindano ya kusaka vipaji kwenye televisheni hawakuhitaji utafiti kulijua hilo.

Lakini kuna nyakati ambapo wataalamu wenyewe hushindwa kusikia. Februari 1958 mwimbaji Billie Holiday aliingia studio New York kurekodi albamu ya "Lady in Satin", nyuma yake ikiwa orkesta kubwa ya fidla. Sauti yake ilikuwa imechakazwa na pombe, dawa za kulevya na maisha magumu. Upana wake ulikuwa umepungua na maneno mengine yalitoka kama anayazungumza. Ray Ellis, aliyeipanga na kuiongoza orkesta ile, hakufurahishwa na alichokisikia siku zile. Baadaye, aliporudi kuisikiliza rekodi iliyokamilika, alibadili mawazo, akakiri kwamba awali alikuwa akisikiliza kwa sikio la fundi tu na hakuyapokea yale mwimbaji aliyokuwa akiyatoa. Holiday alifariki Julai 1959. Wapo wasioipenda albamu hiyo hadi leo, wakiona ni kumsikiliza mgonjwa, na hoja yao haidharauliki. Ila katika nyimbo zile kila neno limewekwa mahali pake na mtu anayejua sauti iliyobaki ni kidogo na hawezi kuitumia ovyo, jambo ambalo halifanyiki bila ustadi.

Sayansi ya mapigo imeanza kueleza sehemu ndogo ya habari hii. Mwaka 2011 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, wakiongozwa na Holger Hennig, walitangaza walichokipata baada ya kumrekodi mpiga ngoma stadi kutoka Ghana akipiga kwa kufuata mlio wa kipima mapigo. Hata bingwa huyo alikuwa akitangulia au kuchelewa kwa sehemu ndogo sana za sekunde, milisekunde 10 hadi 20 hivi. Hilo lilitarajiwa. Kilichovutia ni kwamba kupotoka huko hakukuwa kwa bahati nasibu: pigo lililochelewa lilikuwa na uhusiano na mapigo mengi yaliyotangulia, hata ya mbali. Watengenezaji wa programu za muziki walikuwa wameshaweka kifungo cha kuupa mdundo wa kompyuta ladha ya mtu, kwa kuyasogeza mapigo huku na kule bila mpangilio. Watafiti wakachukua wimbo mmoja, wakautengeneza kwa njia mbili, mmoja ukiwa na makosa ya kubahatisha na mwingine ukiwa na makosa yanayofuatana kama ya yule mpiga ngoma, wakawapa watu wasikilize. Wengi waliupenda ule wa pili.